Mwizi wa Kuigiza

Kumpata mtu wa kuvuta pazia ni kazi kuliko kumpata mchumba. Mchumba akikukataa angalau anakupa sababu. Mtu wa pazia anakwambia "nitaangalia," halafu siku nyingine akikuona barabarani anavuka upande wa pili.

Hiyo ndiyo kazi niliyopewa tangu nimalize shule. Wenzangu wako nyumbani wanalala wakisubiri matokeo, mimi nazunguka mtaa kwa mtaa kuwaomba watu wazima waje kufanya kazi bure. Kikundi chetu cha maigizo kinaongozwa na Mama Mkubwa, yaani dada yake mama yangu, mwalimu aliyestaafu kila kitu isipokuwa sauti. Kila mwaka tunafanya msimu mzima wa michezo kwenye ukumbi wa mtaa. Mwaka huu waigizaji walikuwepo, lakini watu wa nyuma wote walikuwa wameyeyuka. Mwingine kaoa, mwingine kahama, mwingine mgongo. Hakuna wa taa, hakuna wa kubeba viti, hakuna wa kukaa mlangoni. Na bomba la chuma linaloshika pazia lilikuwa limekatika katikati, kwa hiyo pazia lenyewe ukilivuta unavuta kama ng'ombe aliyegoma.

Katibu wa ukumbi alikuwa ameshasema neno lake la mwisho. Jumamosi asubuhi anakuja kuangalia. Akikuta kikundi kina watu, ukumbi wetu msimu wote. Akimkuta Mama Mkubwa na viti vitupu, anampa yule mkodishaji wa mahema augeuze ghala.

Mama Mkubwa hakulia. Alichukua ufagio akaufagia ukumbi wote peke yake, alipofika mwisho akageuka akaanza tena pale palipokuwa pasafi. Bora angelia. Nikamwambia usijali, nitakuletea watu mpaka ukose pa kuwaweka. Akaendelea kufagia.

Basi nikazunguka. Kinyozi akasema atakuja kama atakuwa mfalme. Yule wa duka la dawa akauliza kama kuna sare. Dereva mmoja aliniambia yeye yuko tayari hata leo, ila afe mapema kwenye mchezo kwa sababu ana safari. Kila mtu anataka kuwa mfalme, hakuna anayetaka kubeba kiti cha mfalme. Ijumaa ikafika sina hata mtu mmoja.

Mjomba ndiye aliyeleta lile wazo. Mjomba ni mdogo wao wa mwisho, kitinda mimba, kazi yake kupaka rangi nyumba, na ni mwigizaji ambaye akiigiza mgonjwa watu wanamtafutia gari. Akasema kwa nini tunawabembeleza watu kwa maneno, tuwaonyeshe. Twende mtaa wa mafundi, huko ndiko kwenye mikono ya kuvuta na kubeba. Tufanye mchezo palepale barabarani bila kuwaambia kwamba ni mchezo. Wakishakusanyika, wakishaguswa, filimbi, halafu mimi natoa tangazo.

"Mchezo gani?" nikamuuliza.

"Mwizi," akasema. "Mimi nikiiba, mpwa wangu, hata aliyeibiwa ananionea huruma."

Sasa hapa lazima ujue kanuni za Mama Mkubwa. Ni mbili, na ametupigilia kichwani kama misumari. Ya kwanza, ukishaingia kwenye mchezo hutoki, hata paa likianguka, mpaka filimbi ilie. Ya pili, filimbi ikilia waigizaji wote wanashikana mikono, wanatabasamu, wanainama mbele ya watazamaji. Hata kama mlikuwa mnauana. Hasa kama mlikuwa mnauana, maana watu waende nyumbani wakijua mko salama. Filimbi ninakaa nayo mimi, shingoni, kwa sababu sijui kuigiza. Mama Mkubwa alishasema hata nikipewa kuwa maiti nitapiga chafya.

Mchana huohuo tukaenda. Hatukumuaga Mama Mkubwa. Mwenye simu ya kuibiwa alikuwa dada mmoja wa saluni tunayemwita Kasuku, na hilo jina halihitaji maelezo. Mtaa wa mafundi ni barabara moja ya vumbi, karakana huku na huku, wa kuchomelea vyuma, maseremala, wa redieta, na mwanzoni kabisa mziba pancha, mzee mfupi anayeitwa Mzee Pumzi. Kelele za kukata vyuma zilikuwa zinaingia mpaka kwenye meno.

Kasuku akapita katikati ya barabara akiongea na simu, anacheka. Mjomba akatokea nyuma yake na fulana yake iliyochanika, akaikwapua, akakimbia. Kasuku akapiga ukunga wa mwizi. Mjomba akaanguka pale walipokubaliana aanguke, karibu na matairi ya Mzee Pumzi, na alianguka vizuri, nakwambia ukweli, mimi mwenyewe nilisogea kutaka kumwinua.

Watu wakatoka. Mjomba akapiga magoti, akaanza maneno yake. Nyumbani hakuna kitu, mtoto anaumwa, nimetafuta kazi mpaka viatu vimeisha. Machozi yanashuka, ya kweli. Nikaona mama mmoja ameshika kifua. Nikasema moyoni, hapa napata watu wa pazia na wa taa.

Ndipo akafika Cheche. Cheche ni mchomeleaji, mtu wa kifua, miwani ya kazi imekaa juu ya paji la uso. Hakusikiliza habari ya mtoto anayeumwa. Alimkamata Mjomba shingoni, mkono kama koleo, akamuuliza mashine iko wapi. Mashine gani? Mashine yake ya kuchomelea, karakana ilivunjwa wiki hiyo, na siyo yake tu, seremala kaibiwa randa, wa redieta kaibiwa mtungi wa gesi. Kofi la kwanza likatua. Na Mjomba, kwa sababu ni Mjomba, akalipokea kama mwizi. Nilimwona kabisa jinsi alivyolipokea. Hakutoka kwenye mchezo hata kidogo.

Nikaona hapa basi. Nikapuliza filimbi kwa nguvu zangu zote.

Mashine zote zikanyamaza, moja baada ya nyingine, mpaka mwisho wa mtaa. Kwa muda mfupi nikadhani tumemaliza. Kisha milango ikaanza kufunguka. Wakatoka wanaume kila karakana, huyu na nyundo, huyu na nondo, huyu na mguu wa meza ambao hajamaliza kuupiga msasa, wanakuja mbio, wanauliza yuko wapi. Baadaye ndiyo nikaelezwa. Baada ya kuvunjiwa, mafundi walikuwa wamekubaliana kwamba filimbi ikilia, kila mtu aache kazi aje, mwizi yupo.

Niliwaita mimi mwenyewe.

Na huku nyuma filimbi ilishafanya kazi yake ya pili. Mjomba aliposikia, akachomoka kwenye mikono ya Cheche, akasimama. Kasuku akamkimbilia. Wakashikana mikono, mwizi na aliyeibiwa, wakatabasamu, wakainama.

Mafundi wakasimama, nyundo juu.

"Wanacheka," akasema mtu.

"Kumbe na huyu dada wako pamoja."

Ikawa hivyo. Sasa siyo mwizi, ni kundi la wezi, na linawacheka. Mama mmoja wa duka, mteja wa Kasuku wa kusuka, alimvuta kwa mkono akamsukuma ndani, akafunga mlango wa chuma. Sikuwahi kumwona Kasuku akinyamaza kabla ya siku ile. Mjomba hakuwa na wa kumvuta. Wakamvamia.

Nikapiga kelele kwamba ni mchezo, jamani ni mchezo, sisi ni watu wa maigizo. Seremala akanigeukia, akaniambia hata yule mwizi wa juzi alisema anatafuta fundi wa vitanda. Nikamshika huyu mkono, nikamshika yule shati, wananikung'uta kama vumbi. Nikasikia sauti ya kitu kinaviringika. Mzee Pumzi alikuwa analeta tairi. Tairi kuukuu, limeisha meno. Wala hakuwa na hasira, alikuwa analisukuma taratibu kwa kiganja, kama anampelekea mteja tairi la gari lake. Kila aliyekuwa pale alijua tairi lile linakwenda shingoni kwa nani, na nyuma ya tairi huwa inafuata petroli. Watu wakampisha.

Sikufikiri. Ningefikiri, nisingefanya. Nilipenya chini ya mikono ya watu mpaka kwa Mjomba, nikamkamata fulana, nikampiga kofi.

Mjomba ni mama wa kiume. Kwetu hata kumkatiza akiongea hukatizi. Lakini ilibidi lisikike, kwa hiyo nilimpiga lile la kusikika.

"Vitu vyetu mmeficha wapi?" nikamwambia. "Kumbe mchezo ulikuwa wa kunidanganya mimi! Nyumbani kwetu mmebeba mpaka sufuria. Sema."

Kisha nikamgeukia Cheche, na sauti iliyotoka haikuwa yangu. "Kaka, ukimmaliza hapa, mashine yako utakwenda kumuulizia kaburini? Mimi najua wanapoficha. Ukumbini kule, nyuma ya jukwaa. Tumpeleke akatoe kimoja kimoja, ndiyo tumalizane naye."

Cheche alikuwa anahema. Watu wengine wakasema hapahapa, kwa nini tupoteze muda. Mimi namwangalia Mjomba. Jicho moja lilishaanza kufumba, mdomo unavuja damu. Alinitazama kwa lile moja, na nikaona anaelewa. Akaniinamishia kichwa kama mwizi aliyeshindwa.

"Nitawaonyesha," akasema. "Vyote viko kule."

Alikuwa amerudi kwenye mchezo, na safari hii hapakuwa na filimbi ya kumtoa.

Kutoka mtaa wa mafundi mpaka ukumbini siyo mbali, lakini siku ile barabara ilirefuka. Cheche mbele amemshika Mjomba mshipi wa suruali, mimi ubavuni natukana. Ilibidi nitukane, kila nikinyamaza mtu mmoja alikuwa anauliza kwani hapa pana ubaya gani. Nikamwita jizi lisilo na haya, mla vya wenzake, mwana asiye na faida. Nilimtukana mjomba wangu matusi yote ninayoyajua na mengine niliyatunga njiani. Akijikwaa, nami moyo unajikwaa. Nyuma yetu, hatua kwa hatua, lile tairi linaviringika, nalisikia kwenye kokoto.

Nilichokuwa nacho kichwani ni kitu kimoja tu. Mama Mkubwa yuko kule. Zaidi ya hapo sikuwa na mpango.

Tukaingia ukumbini kama mafuriko. Mama Mkubwa alikuwa jukwaani, kwenye kiti, gauni lake la heshima, mikono mapajani, anasubiri watu wasiokuja. Akanyanyua macho. Akaona mlango umejaa mabega. Na uso wake, jamani, ukafunguka.

Mjomba alikuwa nyuma ya Cheche, hakuonekana.

"Karibuni wanangu, karibuni," akasema, anashuka ngazi mbiombio. "Sikutegemea wengi hivi. Kumbe mtoto wangu alisema kweli. Wewe mwenye mabega, wewe ni pazia, wala usibishane. Ninyi wenye nyundo mtanisaidia viti, vingi vimelegea. Na wewe baba, tairi hilo liweke pale pembeni, tutalipatia kazi kwenye mchezo wa pili."

Mzee Pumzi akaliweka pembeni. Mpaka leo ukimuuliza anasema hajui kwa nini, mwalimu akikwambia weka, mkono unaweka wenyewe.

Mafundi walikuwa wanaangalia ukutani. Kule ukutani kuna picha za misimu yote iliyopita, na karibu zote ni za mtu mmoja. Mjomba na taji. Mjomba kavaa kanzu ya hakimu. Mjomba mlevi, na Mjomba bibi harusi, mwaka ule msichana alipougua. Nikaona macho ya Cheche yanatoka kwenye picha, yanashuka kwa mtu aliyemshika mshipi, yanarudi kwenye picha. Mkono ukamwachia polepole.

Ndipo Mama Mkubwa akamwona.

Alikwenda akamshika kidevu, akamgeuza uso huku na huku kama anayetafuta palipoumia mtoto. Akavua kitambaa cha kichwani, akaanza kumfuta damu.

"Huyu ni mdogo wangu," akasema, bila kuwatazama. "Wa mwisho kwetu. Nimembeba mgongoni mpaka nikawa na alama. Nani kampiga?"

Ukumbi mzima watu wanaangalia miguu yao.

"Kofi moja ni langu, Mama Mkubwa," nikasema.

Akanitazama. Wengine wote wakaendelea na miguu yao. Halafu ikawa kama inavyokuwaga, yule wa mlangoni akajikuta ameshatoka, wa pili yake akamfuata ubavuubavu, nyundo zinafichwa nyuma ya mapaja. Cheche aliondoka wa mwisho. Mama Mkubwa alininyooshea mkono, nikavua filimbi nikampa. Sijui aliitupa wapi. Jioni ile hakuna aliyezungumza habari ya Jumamosi.

Lakini Jumamosi haisubiri mtu. Asubuhi nilifika ukumbini kufungua, kwa sababu wa kufungua nilikuwa mimi, nikamkuta Cheche amekaa kwenye ngazi na mashine ya kuazima kwenye toroli. Hakunisalimia, sikumsalimia. Akasema amekuja kuunga lile bomba lililokatika, basi. Alikuwa ameliona jana, katikati ya yote yale, jicho la fundi halilali. Akapanda, akaanza kulichomelea.

Mzee Pumzi akaja kufuata tairi lake. Alilitazama pale pembeni, akalipita, akachukua ufagio. Kisha seremala, na misumari. Kisha wengine, mmojammoja, wanaingia kama wanaoingia msibani, wanatafuta kitu cha kushika. Mama Mkubwa aliwapa kazi kwa kidole, bila neno. Kasuku alikuja akakaa mbali nao, na hakuongea.

Katibu alifika na funguo zake akakuta hivyo. Akazunguka, akatazama, akauliza kama hawa wote ni wa kujitolea kweli au wameokotwa asubuhi hii.

"Waulize wenyewe," akasema Mama Mkubwa.

Cheche, kule juu, akasema wamekuja kusaidia. Aliisema kama mtu anayejibu hakimu. Katibu akasema vizuri, basi nionyesheni mnachofanya, nione kama kuna msimu hapa.

Na msimu bila Mjomba haupo. Sote tulikuwa tunajua. Tukasubiri. Katibu akatazama saa yake, akakaa, akasimama tena.

Mjomba akatokea mlangoni. Jicho limefumba kabisa, anatembea kama mwenye kubeba maji asitake yamwagike. Kazi zote zikasimama. Akawatazama mmoja mmoja, wa nyundo, wa ufagio, yule aliye juu kwenye bomba. Aliponifikia mimi akakaa kidogo.

"Lile kofi," akasema.

"Nisamehe, Mjomba."

"Lilikuwa zuri. Usilirudie."

Kisha akapanda jukwaani, akageuka nyuma, akaangalia pale kwenye pazia, watu wanakopaswa kukaa na kamba na taa gizani, mgongoni mwake. Akasogea mbele hatua moja.

"Dada," akamwambia Mama Mkubwa. "Nitaigiza. Ila nyuma yangu asikae mtu."

Katibu akauliza ana maana gani, hata yeye anajua mchezo hauendi bila watu wa nyuma. Na watu wenyewe ndio hao, hatukuwa na wengine. Cheche alikuwa ameshika bomba kwa mikono miwili, anangoja hukumu. Mama Mkubwa akamtazama mdogo wake, akatazama lile pazia alilolishona kwa mkono wake mwenyewe.

"Basi hakuna nyuma," akasema. "Lishusheni."

Cheche akalishusha bomba alilotoka kuliunga, bado lina joto, amelifunika kwa shati lake. Pazia likaanguka sakafuni. Mama Mkubwa akawapanga wote mbele na pembeni, kwenye mwanga, kamba mkononi, taa mkononi, viti magotini, kila mtu pale Mjomba anapoweza kumwona. Mimi akaniweka pembeni na nguo za mfalme.

Mjomba akaanza. Mwanzo sauti ilikuwa inakwama, halafu ikapata njia. Katibu akakaa chini, na safari hii hakutazama saa. Alipoondoka aliacha funguo juu ya kiti, akasema mtindo huu wa kukosa pazia ni wa kisasa, ameupenda.

Msimu wote tumefanya hivyo. Watu wakiuliza kwa nini wabeba viti wanaonekana, tunasema ni mtindo. Siku hizi mwisho wa mchezo Mama Mkubwa anasema tu "basi," kwa sauti ya kawaida, nasi tunashikana mikono, hata Cheche na Mzee Pumzi, tunatabasamu, tunainama.

Mjomba hainami. Anasimama wima katikati yetu, mikono yake ameishika mwenyewe, anawatazama watu mpaka wa mwisho atoke mlangoni.